eth0 Ni Nani Leo?

Chukua seva ya ofisi yenye kadi mbili za mtandao. Moja imechomekwa kebo inayotoka kwa kampuni ya intaneti, nyingine inaelekea ndani, kwenye kompyuta za wafanyakazi na hifadhidata ya mishahara. Aliyeisimika aliandika sheria za fayawoli kwa majina: kinachoingia kupitia eth0 kikaguliwe kwa ukali, kinachoingia kupitia eth1 kipite, maana hao ni wenyeji. Miezi inapita bila tatizo. Siku moja umeme unakatika, seva inawaka upya, na kadi zimebadilishana majina. Skrini haionyeshi kosa lolote. Wafanyakazi wanalalamika kwamba mtandao haupo, fundi anaanza kukagua kebo, na wakati huo wote fayawoli inatii agizo lake neno kwa neno: inawabana wenyeji na kuuachia wazi upande wa nje.

Hatari ya aina hii ndiyo iliyotajwa na waandishi wa systemd, programu inayosimamia kuwaka kwa Linux, walipobadili utaratibu wa kuzipa majina kadi za mtandao kwenye Linux, Januari 2013. Mabadiliko yale yalizua malalamiko yasiyoisha hadi leo, na wengi wa wanaolalamika wana hoja. Ajabu ni kwamba jambo linaloonekana dogo namna hii, kukiita kifaa jina lilelile leo na kesho, limewasumbua wahandisi tangu enzi za kompyuta kubwa za IBM, na kila mfumo endeshi umelijibu kivyake. Nionavyo mimi, linasumbua kwa sababu swali huulizwa nusu. Tunadai jina lisilobadilika bila kusema lisibadilike pale ambapo nini kimebadilika.

Kwa miaka mingi Linux iliziita kadi kwa zamu ya kugunduliwa. Wasukuma huwaita pacha Kulwa na Doto: aliyetangulia kuzaliwa ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, na jina hilo ni la maisha. Kwenye Linux kila kuwashwa kwa mashine kulikuwa uzazi mpya. Aliyekuwa Doto jana akiwahi kutoka leo, anaitwa Kulwa, na anarithi mali ya Kulwa pamoja na madeni yake.

Katika miaka ya 1990 utaratibu huu haukuleta shida kubwa. Kiini cha Linux kilikagua vifaa kimoja baada ya kingine kwa mpangilio uleule, na kompyuta nyingi zilikuwa na kadi moja tu. Baadaye kiini cha 2.6 kikaja na mpangilio tofauti wa kuzipitia njia za PCI. Kwenye baadhi ya seva za Dell, poti iliyoandikwa 1 kwenye bati la nyuma ikaitwa eth1 na ya 2 ikaitwa eth0, hadi ikabidi liongezwe chaguo maalumu, pci=bfsort, la kuirudisha mashine kwenye hesabu ya zamani. Kisha, ili mashine iwake upesi, ukaguzi ukaanza kufanyika sambamba: draiva kadhaa zinaingia kazini kwa pamoja, na inayomaliza kwanza inachukua namba ya kwanza. Kadi moja ikichelewa sehemu ndogo ya sekunde, majina yamegeuka. USB ndiyo iliyomaliza kabisa, kwani kifaa kinaweza kuchomekwa saa yoyote, na foleni ya kuhesabia haipo tena.

Zamu ikishindwa, jina linaweza kuegemea mahali: kadi iliyo kwenye sloti ya tatu. Linaweza kuegemea utambulisho wa kiwandani, kama anwani ya MAC yenye biti 48, ambazo kwa kawaida 24 za mwanzo humtaja mtengenezaji. Au linaweza kuegemea kilichomo ndani, kama alama iliyoandikwa kwenye diski yenyewe. Jina la mahali linabaki hata kadi ikiungua na kuwekwa nyingine palepale, lakini ukiihamisha kadi, umelipoteza. Jina la MAC linaifuata kadi kila iendako na linakufa nayo. Jina la kilichomo linahama na data hata ukinunua diski mpya na kunakili kila kitu, na kwa sababu hiyohiyo diski ya zamani na nakala yake zitadai jina moja.

Msingi unaokidhi haja zote hizi haujapatikana, na hautapatikana. Anayebadilisha kadi iliyoungua anataka kitu kingine kihesabiwe kuwa kilekile. Anayehamisha kadi anataka kitu kilekile kitambulike ingawa kila kinachokizunguka ni kigeni. Zibadilishane kadi mbili sloti zao, halafu muulize mfumo endeshi eth0 ni ipi. Jibu lolote utakalopewa litakuwa sahihi kwa mmoja wa watu hawa na kosa kwa mwenzake.

Watumiaji wa kawaida walilionja tatizo hili kwenye diski kabla ya kwenye mtandao. Herufi za diski zilianzia kwenye mifumo ya IBM ya miaka ya 1960, zikapitia CP/M ya Gary Kildall, zikaingia PC DOS mwaka 1981. A na B zilikuwa za flopi. Diski ngumu ilipokuja na IBM PC XT mwaka 1983 ikapewa C, na C imebaki palepale kwenye kompyuta ambazo hazijawahi kuiona flopi. DOS haikukumbuka chochote. Kila ilipowaka iligawa herufi upya kwa kanuni yake: kwanza patisheni kuu ya kila diski, ndipo patisheni ndogo zilizosalia. Mwenye diski moja iliyogawanywa C na D akiongeza diski ya pili, patisheni kuu ya diski mpya ilijitwalia D na kuisukuma D ya zamani iwe E. Programu zilizosimikwa kwenye D zikaenda kutafuta faili zake kwenye diski tupu. Kanuni yenyewe ilikuwa wazi. Ungeweza kuikokotoa kwa kalamu na karatasi kabla ya kufungua kasha la kompyuta. Kutabirika, basi, ni jambo moja, na kudumu ni jingine.

Windows NT ilichagua kukumbuka. Ndani kabisa, patisheni zina majina kama \Device\HarddiskVolume2, na herufi ni njia ya mkato inayoelekea huko. Tangu Windows 2000, rejista ina sehemu iitwayo MountedDevices inayotunza herufi ipi ni ya patisheni ipi. Kwa diski za mtindo wa MBR utambulisho huo ni baiti 12: nne ni saini iliyoandikwa mwanzoni mwa diski, nane zinaeleza patisheni inaanzia wapi. Hapo jina linaegemea kilichomo, na ugonjwa wa kilichomo haukwepeki. Ukinakili diski nzima, saini nayo inanakiliwa. Windows za sasa zikikuta diski mbili zenye saini moja zinaiwekea ya pili kizuizi isitumike mpaka saini ibadilishwe. Fundi aliyenakili diski ya mteja ili kuokoa data, akazichomeka zote mbili pamoja ili ahakikishe, anaweza kudhani nakala imeshindikana, kumbe imefanikiwa kupita kiasi.

Linux ilizunguka zaidi kabla ya kufika. Diski za IDE ziliitwa kwa nafasi ya kebo: hda ni ya kwanza kwenye kebo ya kwanza, hdc ni ya kwanza kwenye kebo ya pili, hata kama hdb haipo. Diski za SCSI ziliitwa kwa zamu, sda, sdb na kuendelea. Kati ya 2006 na 2007 draiva mpya za libata zilianza kuzihudumia diski za IDE kama kwamba ni za SCSI. hda ikageuka sda, na mashine ambayo faili lake la fstab, lenye orodha ya diski za kupandishwa, lilitaja /dev/hda1 ingekwama katikati ya kuwaka. Ubuntu, katika toleo lake la Oktoba 2006, ilihamia UUID, namba ya biti 128 inayoandikwa ndani ya mfumo wa faili siku unapoundwa. Red Hat ilikuwa imetangulia kwa kutumia lebo, ila lebo zenyewe zilifanana: patisheni kuu ya kila mashine iliitwa “/”. Ukichomoa diski ya seva iliyokufa na kuichomeka kwenye seva nzima, lebo hiyo ilikuwa na wenyewe wawili, na mashine ingeweza kuwaka kutoka kwenye ile usiyoikusudia. UUID haipendezi machoni, na kumsomea mwenzako kwa simu ni adhabu, lakini angalau watu wawili hawaibuni ileile kwa bahati mbaya. Wanaoifanya ijirudie ni wanaonakili. XFS hujilinda na hilo kwa kukataa kuipandisha patisheni ya pili yenye UUID iliyokwisha kupandishwa, mpaka uiamuru kwa makusudi.

Kilichoiokoa Linux kwenye diski, zaidi ya UUID, ni kwamba haikulazimika kuchagua. Ukifungua folda ya /dev/disk utakuta by-id, by-path, by-uuid na by-label, na diski moja inafikika kwa majina hayo yote kwa wakati mmoja. Anayetaka jina linalofuata kifaa analo, anayetaka la sloti analo, anayetaka la data analo. Jina la zamu, sda, bado lipo, ila linastahili kuaminiwa kidogo kuliko zamani: kwenye matoleo ya karibuni hata diski za ukoo wa sd hukaguliwa sambamba, na sda ya asubuhi inaweza kuwa sdb jioni. Anayeandika amri ya dd, inayoandika moja kwa moja juu ya diski, kwa kukumbuka jina la jana anacheza na data yake.

Utajiri huu wa majina ulitokana na ugomvi wa zamani kuhusu nani aamue. Kiini cha Unix hakijali majina ya vifaa kwenye /dev. Kinachojua ni namba mbili, moja ya draiva na nyingine ya kifaa ndani ya draiva hiyo. Faili la /dev ni kibandiko kilichobandikwa juu ya namba hizo. Kabla ya 2.6 kila namba kwenye Linux ilikuwa na biti 8, yaani nafasi 256, na folda ya /dev ilijazwa mapema maelfu ya majina ya vifaa ambavyo mashine haikuwa navyo na pengine isingekuwa navyo kamwe. Mwaka 2000 iliingizwa devfs ya Richard Gooch, ambayo ndani yake kiini chenyewe kilitunga majina, tena ya vifaa vilivyopo tu. Folda ikawa safi, lakini namna ya kuita vitu ikawa imegandishwa ndani ya kiini, mahali ambapo mwenye mashine hawezi kupagusa bila kukijenga upya.

Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman akaleta udev. Kiini kingetoa taarifa tu: kifaa kimefika, kiko kwenye sloti fulani, kina namba ya seriali fulani. Programu ya kawaida iliyo nje ya kiini ingesoma kanuni alizoandika mwenye mashine na kuamua jina. devfs iliondolewa mwaka 2006. Katika historia hii yote sioni uamuzi uliozidi huo kwa busara. Watu wa udev walikubali kwamba hawajui mwenye mashine anaogopa badiliko gani, wakamwachia aamue mwenyewe.

Kadi za mtandao hazikuipata neema hiyo yote. Katika Unix karibu kila kitu ni faili, isipokuwa kadi ya mtandao. Haina faili kwenye /dev, kwa hiyo huwezi kuitengenezea njia za mkato. Ilikuwa na jina moja, lisilozidi herufi 15, basi. Diski inabeba majina manne bila mtu kukasirika. Kadi ililazimika kuchagua, na kila uchaguzi uliwaudhi watu fulani.

Uchaguzi wa kwanza ulikuwa kukumbuka MAC. udev iliandika kwenye faili liitwalo 70-persistent-net.rules: MAC hii ni eth0, hii ni eth1. Kwa mashine iliyokaa mahali pamoja ilifaa sana. Zilipoenea kompyuta pepe, faili hilo likageuka balaa. Msimamizi anaandaa mashine moja kwa uangalifu, anainakili mara nyingi, kila nakala inapewa MAC mpya, na kila nakala inawaka ikiwa na kumbukumbu ya kadi isiyokuwepo. eth0 imetunzwa kwa ajili ya marehemu, kadi iliyo hai inaitwa eth1, anwani ya IP imeandikwa kwa eth0, na mashine haionekani mtandaoni. Kulifuta faili hilo kabla ya kunakili kukawa hatua ya lazima katika maelekezo ya kila mtu.

Kulikuwa na kasoro nyingine iliyofichika zaidi. Kugeuza eth1 kuwa eth0 wakati kiini nacho kinaendelea kugawa eth0 na eth1 kwa wanaofika ni kugombea jina moja na mwenzako mwenye haraka kuliko wewe. Ilibidi kadi ipewe jina la muda ili ile nyingine ipite, na kubadilishana kukikwama katikati, kadi ilibaki na jina hilo. Walioendesha seva miaka hiyo wanaikumbuka kadi iitwayo rename3.

Dell, waliokuwa na uchungu wa muda mrefu na namba za poti zao, walitengeneza biosdevname, iliyoingia Fedora 15 mwaka 2011. Iliiuliza BIOS poti zilizo kwenye madabodi zina namba gani, na kuziita em1, em2. Za sloti ziliitwa kwa mtindo wa p3p1. systemd 197 ya Januari 2013 iliichukua fikra hiyo na kuipanua. Kama BIOS inatoa namba ya poti ya madabodi, jina ni eno1. Kama inatoa namba ya sloti, ni ens1. Vikikosekana, jina linatungwa kutokana na njia ya PCI, kama enp2s0. Ipo pia enx ikifuatwa na MAC nzima, kwa anayeitaka. Majina haya yote yaliondoka kwenye ukoo wa eth, kwa hiyo hakuna tena kugombea jina na kiini. RHEL 7 iliupokea utaratibu huu mwaka 2014, Ubuntu ikaufuata katika toleo la 15.10, Debian katika toleo la 9, mwaka 2017.

Kwa seva yenye poti nne au nane mpango huu ni ushindi, na sitaki kuupunguzia sifa. Kadi ikiungua, fundi wa kituo cha data anachomeka nyingine kwenye sloti ileile na kuondoka bila kugusa kibodi. Lakini kompyuta nyingi zina poti moja ya waya. Kwao eth0 halikuwahi kukosea: kadi ikiwa moja, zamu haina wa kugombea naye. Walichopoteza ni jina la pamoja. Mwalimu aliyeandika eth0 ubaoni darasa zima likafuata, sasa ana enp3s0 kwenye dawati hili, eno1 kwenye lile, ens33 kwa yule aliyesimika ndani ya VMware. Kila skripti na kila mwongozo wa zamani ulihitaji marekebisho. Wengi walichoka, wakaongeza net.ifnames=0 kwenye mistari ya kuwashia, wakairudisha eth0 yao. Walio na kadi moja, au walio ndani ya kompyuta pepe yenye kadi moja, hawakufanya ujinga wowote.

Kasoro kubwa zaidi imo kwenye mahali penyewe. Mtu akisoma enp3s0 anadhani 3 ni kitu kilichochongwa kwenye madabodi. Sicho. Namba ya njia ya PCI hugawiwa kila mashine inapowaka, kwa kufuata madaraja yanayokutwa njiani. Ukiongeza kadi ya picha au diski ya NVMe kwenye sloti iliyo mbele katika hesabu hiyo, namba za zilizo nyuma zinasogea, na enp3s0 inazinduka ikiwa enp4s0, bila anwani yake ya IP. Umeigusa kadi ya picha; aliyepotea ni wa mtandao. Ni D ya DOS ikisukumwa kuwa E, mwaka huu, kwenye mashine mpya kabisa. Jina lililotangazwa kuwa la mahali, ukilifunua, ndani yake kuna zamu. eno na ens zina msingi bora kuliko enp, na mwenye kununua seva angefanya vyema kuangalia kama BIOS yake inatoa taarifa hizo.

Na BIOS nayo lazima iseme kweli. Waliosimika CentOS 7 kwenye VMware walikutana na kadi iitwayo eno16777736. Mashine pepe ilikuwa imetoa namba hiyo ya ajabu kuwa ni ya poti ya madabodi, na systemd ikaiamini. Baadaye ikawekwa kanuni ya kuzipuuza namba zinazopita 16383. Marekebisho kama haya ni mema, lakini kila rekebisho linamaanisha kadi fulani mahali fulani itaamka na jina jipya baada ya masasisho. Ndiyo maana tangu toleo la 240, la mwishoni mwa 2018, taratibu za kutunga majina zenyewe zinapewa namba, na msimamizi anaweza kuiambia mashine iendelee kutunga kwa kanuni za toleo la zamani kupitia net.naming-scheme. Kadi haikuhama, sloti haikuhama, BIOS haikuguswa, na bado jina lingebadilika kwa sababu anayelitunga amejifunza kitu kipya. Katika mabadiliko yote ambayo jina linapaswa kuyastahimili, hili ndilo ambalo wabunifu wengi hawakulihesabu.

Mifumo mingine ilipita njia zake. OpenBSD inaziita kadi kwa draiva na zamu, em0, re0, na kwenye diski inatumia alama yenye tarakimu 16 za heksa iliyoandikwa kwenye diski yenyewe. Solaris iliandika kwenye path_to_inst kila kifaa kilichopata kuonekana na namba yake, kisha Solaris 11 ikaanza kuziita kadi net0, net1, majina yasiyotaja draiva wala sloti. Windows Server 2012 ilianza kusoma majina ya poti kutoka BIOS, kwa seva zinazoyatoa.

Kwenye vifaa vya USB vya bei nafuu misingi yote hutikisika pamoja. Waya wa kuunganishia vifaa vya seriali, ule wenye chipu ya CH340 unaouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kwa anayecheza na Arduino, kwa kawaida hauna namba ya seriali. Chomeka miwili na hakuna cha kuitofautisha isipokuwa tundu uliloichomeka. Linux itaiita ttyUSB0 na ttyUSB1 kwa zamu. Windows, ikikosa namba ya seriali, huchukulia tundu kuwa sehemu ya utambulisho: waya uleule ukihamishwa tundu unakuwa kifaa kipya na kupewa namba mpya ya COM, huku ya zamani ikiendelea kushikiliwa. Ndiyo maana kwenye kompyuta ya karakana inayopokea vifaa vya wateja kila siku utakuta COM37 ilhali nyuma kuna waya mmoja. Wenye mitambo ya kutuma SMS kwa modemu nyingi za USB wanaijua adha hii zaidi, kwani modemu moja huzaa poti mbili au tatu za ttyUSB, na modemu moja ikijizima na kurudi, laini za simu zinabadilishana majina. Dawa ya kuaminika hapo ni jina la tundu: by-path, na kibandiko cha karatasi kwenye kila tundu la USB.

Kadi za picha zinazotumika kufundishia akili mnemba zimeongeza kioja chao. Amri ya nvidia-smi huzihesabu kadi kwa njia ya PCI. CUDA yenyewe, isipoelekezwa vingine, huanza na yenye kasi zaidi. Kwenye mashine yenye kadi za aina tofauti, kadi 0 ya programu moja si lazima iwe kadi 0 ya nyingine, katika dakika ileile. Unaitazama kadi 0 imelala bila kazi huku programu uliyoipeleka kwenye kadi 0 inachemka kwenye jirani yake, mpaka uweke CUDA_DEVICE_ORDER kuwa PCI_BUS_ID.

Kwa mwenye mashine ya kadi zaidi ya moja, pendekezo langu ni kuacha kubishana na majina yanayotungwa na mashine na kuandika yake, kwa kazi ya kadi. Faili dogo la .link ndani ya /etc/systemd/network linatosha: upande mmoja alama ya kuitambulia kadi, upande wa pili jina, tuseme nje0 na ndani0. Sheria ya fayawoli inayosema nje0 inasomeka hata na mrithi wa kazi yako ambaye hajui ulinunua kadi ya nani. Muhimu ni kutotumia eth0 na eth1 humo, maana ule ukoo bado ni wa kiini, na kile kisa cha rename3 kitarudi. Alama ya kuitambulia ndiyo inayodai ufikiri. Kama unachokihofia ni kadi kuungua, tumia njia ya PCI, ili kadi mpya irithi jina. Kama unachokitarajia ni kuongeza vifaa ndani ya kasha, tumia MAC, ili namba za njia zisogee zitakavyo. Ukitaka kinga ya hali zote mbili utalazimika kuja kuhariri faili kwa mkono mara moja baada ya miaka kadhaa, na bei hiyo ni ndogo kuliko inavyosikika.

Tangu toleo la 5.5 la kiini, mwaka 2020, kadi ya mtandao inaweza kubeba majina ya ziada, marefu kuliko zile herufi 15, kama diski ilivyoweza siku zote. Jambo hili lingekuja miaka 10 mapema, sehemu kubwa ya ugomvi wa 2013 isingekuwepo: kila mtu angeiita kadi kwa jina alilolizoea. Limekuja wakati zana nyingi zimekwisha kuzoea kulisoma jina moja, na linatumika kwa unyonge.

Wakati huohuo mashine nyingi zimehamia mahali ambapo sloti si kitu cha kushika. Kwenye mashine za Amazon za kizazi cha Nitro, diski uliyoomba iunganishwe kama /dev/sdf inaonekana ndani kama nvme1n1, au namba nyingine kulingana na iliyowahi. Utambulisho wake wa kweli umewekwa kwenye sehemu ya namba ya seriali, na skripti inapaswa kuusoma hapo. Ndani ya kompyuta pepe ya QEMU, sloti ni tarakimu iliyoandikwa kwenye faili la mpangilio. Ili toleo jipya la QEMU lisizisogeze sloti hizo na kuwavurugia majina wageni waliomo ndani, linatunza pia maumbo ya mashine ya matoleo yaliyopita, kila moja na namba yake, na mgeni huwaka ndani ya umbo alilozaliwa nalo. Atakayeibadilisha namba hiyo kwa kudhani anasasisha tu, ajiandae kuingia kwenye mashine kupitia konsoli, maana mtandao huenda usimngoje.